Milimita Tatu za Msumeno

12 Februari

Mdogo wangu, Bwana Waya,

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa wifi umetulia? Mwambie ile dawa niliyotuma ni ya kupaka, si ya kufichwa kama dhahabu. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Wodi yetu ya wazee imejaa, na kuna bibi mmoja anayeshikilia kila asubuhi kwamba mimi ni binti yake wa tatu. Mwanzoni nilikuwa nambishia. Siku hizi namwitikia tu, naye anakunywa uji wake bila ugomvi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa ya kurasa nne. Nimehesabu: wifi umemtaja mara moja, amplifaya mara kumi na tisa. Hivi hapo ofisini kwenu mnachora ramani au mnachora redio? Lakini nimefurahi, nisikufiche. Tangu Mama atutoke hujawahi kuniandikia ukiwa umechangamka. Kama waya na spika ndivyo vimekurudishia uso wako, basi endelea kuunga waya.

Sasa nina ombi dogo. Tulipomaliza msiba wa Mama nilikuambia vitu vyake vyote ugawe utakavyo, ila kabati uniwekee. Hukuniuliza kwa nini, na sikushangaa, kwa maana unajua. Ndani ya mlango wa lile kabati ndimo Mama alimokuwa akimpimia mwanangu, Chiriku wangu. Kila mwaka alimsimamisha pale, akamwekea kitabu kichwani, akapiga mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Ni mistari sita. Nakuomba unipimie kila mstari, kuanzia sakafuni, kisha uniandikie. Kwa mtu anayelipwa kupima mashamba ya watu, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Msalimie wifi, na umtaje barua ijayo walau mara mbili.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nimeipata barua yako na nimecheka sana. Wifi yako anakusalimu. Wifi yako anaipaka dawa. Umeona, mara mbili, na sijamaliza hata mstari wa pili.

Hapa wote wazima. Ofisini tumeletewa mkubwa mpya anayetaka kila ramani ichorwe upya kwa sababu hapendi rangi ya mito. Tunachora.

Ngoja nikueleze kuhusu mtambo wangu, maana umekamilika. Unaikumbuka ile redio kubwa ya zamani iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo ya ofisi? Waliitupa, nikaiokota. Nikazitoa taa zake nne za kukuzia sauti na transfoma, nikaunda amplifaya kwenye sinia la bati. Mwezi mzima ilikuwa inanguruma kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nimeuhamisha waya wa ardhi mara tatu. Mwisho nikagundua transfoma ilikuwa karibu mno na waya wa kuingizia sauti. Nikaisogeza kwa upana wa vidole vinne, kukawa kimya kabisa.

Halafu spika. Dada, kisanduku cha spika ndicho kila kitu. Mbao za siku hizi ni mbichi, zinatetemeka pamoja na muziki na kuuchafua. Unahitaji mbao nzito, iliyokauka miaka mingi. Basi fundi seremala wa hapa mtaani amenitengenezea visanduku viwili imara sana. Mara ya kwanza nilifunga waya za spika ya kushoto kinyume, na sauti ikatawanyika ukutani, hujui mwimbaji yuko wapi. Nilipozigeuza, yule mama kwenye santuri akaja kusimama katikati ya chumba, baina ya visanduku viwili, kama mtu aliyekuja kututembelea. Nilishindwa kukaa.

Mvua inaanza kunyesha, lazima nikaanue nguo kabla wifi yako hajanitafuta. Umeona, mara tatu.

Mdogo wako


25 Aprili

Bwana Waya,

Hongera kwa mtambo. Nimemsomea bibi wa wodini ile sehemu ya mwimbaji kusimama katikati ya chumba, akaniuliza kama alikaribishwa kiti. Mbao nzuri namna hiyo umeipata wapi? Huku hata meza zetu ni za karatasi iliyobanwa.

Umesahau vipimo vyangu. Najua, kichwa chako kilikuwa kimejaa transfoma. Basi nikueleze ninavitakia nini, labda utaharakisha. Nimehamia chumba kingine. Pembeni ya mlango kuna kipande cha ukuta mweupe, kipana kama mlango wenyewe, hakina picha wala msumari. Nataka niiweke mistari ya Chiriku pale, kwa penseli, kila mstari mahali pake. Nikirudi kazini nipite mbele yake.

Usinicheke. Unajua alivyokuwa akiniita: Mama wa Likizo. Mwaka wake wa kwanza nilikuwa huku. Wa pili nilikuwa huku. Aliota meno, akayang'oa, akajifunza kuruka kamba na kusema bila kupumua, yote mimi nikiyasoma kwenye barua. Na homa ilipomshika ilimaliza kazi yake kwa siku tatu, nami nilikuwa bado napigania kiti kwenye ndege. Wewe ulikuwa naye miaka yote. Mimi nitakuwa na mistari.

Nipimie, tafadhali.

Dada yako


30 Mei

Dada yangu mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Mkubwa mpya sasa hapendi rangi ya milima.

Vipimo vyako hivi hapa, kuanzia sakafuni: sabini na tano, themanini na nne, tisini na tatu, mia na moja, mia na tisa, mia na kumi na nane. Vyote ni sentimita.

Wifi yako mgongo wake unaendelea vizuri. Anasema ukija likizo umletee chupa nyingine. Mimi nimeongeza swichi ya kupunguza sauti nzito, maana jirani alikuja kutuuliza kama tunatwanga kitu. Nimempa kiti, nikamwekea santuri, akabaki mpaka sahani ikaisha pande zote mbili.

Jitunze sana huko.

Mdogo wako


14 Agosti

Mdogo wangu,

Sijambo. Nawasalimu.

Niliiweka mistari sita ukutani siku ile ile nilipoipata barua yako, na niliishi nayo wiki saba bila kukuandikia. Kila nilipopita niliuweka mkono kwenye mstari wa juu, na mkono ukakataa.

Mstari wa mwisho hakuupiga Mama, niliupiga mimi. Ile likizo yangu ya mwisho, wiki tisa kabla ya homa. Niliupima kwa futi ya kushonea, ile ile niliyokatia sare yake ya shule. Ni mia na kumi na tatu. Kichwa chake kilifika kwenye kifungo changu cha pili kutoka chini. Wa kwako unafika juu yake.

Umemkuza mwanangu sentimita tano ambazo hakuzipata.

Kabati liko wapi?

Dada yako


2 Septemba

Dada,

Nimeandika salamu mara mbili na kuzikata. Nakuomba unisamehe nikianza bila salamu.

Kabati halipo. Nimelikata. Hizo spika nilizokusifia, zile mbao zilizokauka miaka mingi, ni kabati la Mama. Ulinikabidhi mimi nikakuitikia, kisha nikalibomoa kwa ajili ya kusikiliza nyimbo.

Nitakueleza lilivyokatwa, maana una haki ya kujua, nami ni mtu wa vipimo, angalau nilikuwa. Mlango ulikatwa mara mbili. Kipande cha chini ndicho kibao cha kukalia amplifaya. Vipande viwili vya juu yake ndivyo migongo ya visanduku. Mkato wa pili ulipita kati ya mstari wa tatu na wa nne. Kwa hiyo Chiriku wa miaka mitatu ya kwanza yuko ndani ya spika ya kushoto, na wa miaka mitatu ya mwisho yuko ndani ya spika ya kulia. Mistari inatazama ndani. Nimeifunika kwa sufi, ili sauti isirudi.

Ningeweza kuishia hapo ukadhani sikuiona ile mistari. Nilitaka kuishia hapo, karatasi niliyoandika hivyo iko chini ya meza nimeikunja. Ukweli ni kwamba fundi aliiona kwanza. Alikuwa ameshaulaza mlango kwenye meza yake, kalamu sikioni. Akaniuliza, "Hizi alama za nini, bwana?" Nikamwambia za zamani. Akasema, "Basi nipige randa, zitoke." Nikamkataza. Nikamwambia, "Zigeuze ndani." Kama ningekuwa sijui ninachofanya, ningemwacha apige randa.

Nyumbani wifi yako aliona kabati linatoka mlangoni, akaniuliza, "Umemwambia dada yako?" Nikasema ndiyo. Mpaka leo hakai sebuleni nikiwasha mtambo. Nilidhani hapendi kelele.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza. Nilikuwa na haraka ya kusikia mtambo wangu, hilo ni kweli na ni aibu. Lakini kuna jingine. Mama alipofariki nilianza kutundika mashati yangu mle. Kila asubuhi nafungua mlango nichukue shati la kazini, na yeye yuko pale, mistari sita na mwandiko wa Mama. Wewe uliitamani ile mistari kwa sababu hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilimshika kichwa kisitikisike wakati Mama anapiga mstari, kwa sababu hakuweza kutulia wala kunyamaza, alikuwa akinisimulia habari za kuku huku kitabu kikimtelezea. Sikuweza kufunga vifungo vya shati. Nikatafuta njia ya kutoiona bila kuitupa, na njia hiyo ikawa na faida kwangu, ndiyo maana naiona chafu.

Uliponiomba vipimo ningeweza kufungua skrubu kumi na mbili na kupima. Nilishindwa. Nilikaa na penseli mezani nikamkuza mtoto kwa kubuni, kama mkubwa wangu anavyobuni rangi za mito.

Na nikwambie la mwisho. Spika zinalia vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Yule mwimbaji bado anakuja kusimama pale katikati. Tangu barua yako ifike siwezi kupatazama.

Nimekukosea. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Mdogo wako


21 Oktoba

Mdogo wangu,

Wifi hajambo? Safari hii namsalimia yeye kwanza, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana nyumbani humo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye chumba cha dawa. Nikaikunja, nikaenda kugawa vidonge, nikakosea kitanda, muuguzi mwenzangu akanishika mkono. Nilikasirika mpaka nikaogopa. Nimekuandikia barua nne. Ya kwanza nilikuita jina ambalo Mama angenipiga kofi kwa kulitamka. Sikuituma, lakini ujue ilikuwepo.

Ya nne nilipoifikisha katikati kalamu ikasimama. Nilikuwa nakuandikia kwamba umeniharibia kipimo cha kweli cha mwanangu. Nikatazama neno "kweli" muda mrefu.

Ngoja nami nikwambie. Mstari wa mwisho niliupiga siku ya kuondoka. Gari lilikuwa linapiga honi nje, begi langu liko mlangoni. Nilikuwa nimemwahidi wiki nzima kwamba mwaka huu nitampima mimi, si bibi yake, na wiki nzima nilikuwa na la kufanya. Nikamvuta mbio mpaka kwenye kabati. Akaniambia, "Mama, viatu." Bibi yake alimzoesha kuvua. Nikamwambia, "Simama tu, nachelewa." Akainama kufungua kamba, nikamsimamisha kwa bega. Nikapiga mstari, nikaupima kwa futi haraka, nikatoka. Hakusema neno lingine. Mtoto yule, Chiriku, hakusema neno lingine mpaka gari linaondoka.

Kwa hiyo mia na kumi na tatu si yeye. Ni yeye na viatu. Hata mkono wangu uliokukamata unamkumbuka akiwa na viatu. Nilikuuliza kwa ukali kuhusu sentimita tano, na mwenyewe nimekaa na mbili za uongo miaka minne, nikiziita zake.

Sisemi hivi ili tuwe sawa. Hatuko sawa. Wewe ulikuwa na nafasi ya kuniuliza na hukuniuliza. Bado nina hasira nawe, na ikiisha nitakuandikia kwamba imeisha.

Fungua hivyo visanduku. Sitaki kukunyang'anya muziki wako, nenda katafute mbao nyingine. Lakini mtoe mtoto mle ndani.

Dada yako


19 Desemba

Dada yangu,

Wifi yako anakusalimu, na leo ameketi sebuleni. Mtambo nimeuzima, lakini ameketi. Amenisaidia kushika mbao.

Nilifungua skrubu zote kumi na mbili. Gundi ilikataa, nikaipasha kwa pasi ya nguo mpaka ikalegea. Nikatoa sufi. Mistari ipo yote sita, dada. Hakuna uliofutika. Kuna tundu nililolitoboa kupitishia waya, limepita chini ya mstari wa nne na kula herufi mbili za mwandiko wa Mama. Nimeliacha wazi. Nilitaka kuliziba nikaona nitakuwa naficha tena.

Nilimwomba fundi anipe meza yake Jumamosi nzima, kazi nikafanya mwenyewe. Nilivipanga vipande vitatu kama vilivyokuwa, chini, kati, juu, nikapima na kujumlisha kimo cha viguu vya kabati. Mstari wako ukaja chini kuliko ulivyoniambia, kwa milimita sita. Nikapima tena. Nikadhani nimechanganyikiwa. Fundi ndiye aliyenionyesha: kila msumeno unapopita unaondoka na unene wake. Milimita tatu, mara mbili, zimekuwa vumbi sakafuni kwake na zimefagiliwa siku nyingi. Mimi ninayechora mipaka ya watu sikulifikiria hilo. Ningegundisha vipande hivyo hivyo, ningekurudishia mtoto mfupi.

Nimechonga vibanzi viwili vyembamba, milimita tatu kila kimoja, nikavitia mahali msumeno ulipopita. Nimetumia mbao nyeupe makusudi. Utaviona kutoka mbali, navyo vitabaki hivyo. Kisha nikaurudisha mlango juu ya viguu vyake vya sentimita tisa, nilivyokuwa nimevitupa chini ya kitanda. Mlango unasimama peke yake umeegemea ukuta wa chumba cha Mama, kabati lenyewe siwezi kulirudisha. Vipimo vya kweli ni hivi: sabini na sita, themanini na sita, tisini na tano, mia na mbili, mia na nane, mia na kumi na tatu. Wifi yako alipima baada yangu, nami nikamwomba apime tena. Futa nilivyokutumia.

Spika nimezitia migongo ya mbao ya kawaida. Zinaimba kama mtu mwenye mafua na mwimbaji haji tena katikati. Jirani ameacha kuja. Nimeizoea hali hiyo, na nisipoizoea vilevile ni sawa.

Chini ya kitanda pamoja na vile viguu kulikuwa na sanduku la Mama, lile nililolitoa kabatini bila kulifungua. Nimelifungua. Viatu vya shule vimo, vyeusi, kamba ya kushoto imefunguliwa nusu. Nimekipima kisigino pamoja na soli: sentimita mbili na milimita moja.

Sikuchora mstari mwingine chini ya wako. Nilishika penseli nikairudisha chini, maana mkono wangu umeshamwekea mtoto huyo vipimo vingi visivyo vyake. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye bawaba ya mlango, na kitabu cha Mama nimekiweka chini yake. Hasira ikiwa imeisha au haijaisha, ukipata likizo uje. Hakuna gari litakalopiga honi, nitakwenda mwenyewe kulizuia barabarani.

Njoo umpime bila viatu.

Mdogo wako